Kiungulia kisichoisha na ngiri ya kifuani: mmeuliza, mfamasia anajibu

Meseji za mwezi huu karibu zote zinaongelea moto wa kifuani, maji machungu mdomoni na hofu ya kupasuliwa, kwa hiyo nimezikusanya pamoja, nyingine nimezifupisha. Kama una maumivu ya kifua yanayobana, yanashuka mkononi au yanapanda kwenye taya, jasho linakutoka na pumzi inakata, usisome huku, nenda hospitali sasa hivi, moyo na kiungulia vinafanana sana na hata sisi wa kazini hatuwezi kuvitofautisha kwa simu.

Dada mfamasia za kazi. Mi ni mama wa miaka 46 niko Morogoro nauza chakula. Kiungulia ninacho miaka mingi, nikiinama kuchochea moto maji machungu yanapanda mpaka mdomoni, usiku naamka nimepaliwa nakohoa. Juzi nimepimwa kwa ule mpira wa kamera, ripoti imeandika hernia ya haiatasi sentimita 3 na umio una michubuko LA gredi B. Majirani wanasema ngiri dawa yake kisu tu, wengine wanashangaa mwanamke anapataje ngiri. Lazima nipasuliwe? Siwezi kufunga biashara.

Pole sana mama. Hapana, kwa ripoti hiyo uliyonisomea, kisu hakipo hata kwenye foleni ya kwanza.

Hao majirani wanawaza ngiri ya kinena, ile inayoshuka kwenye korodani, ndo maana wanashangaa. Yako iko juu. Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana unaitwa kiwambo, ndo unaotufanya tuvute pumzi, na una tundu ambalo umio, yaani lile bomba la chakula, linapita kwenda kwenye mfuko wa tumbo. Tundu likilegea, kipande cha juu cha mfuko kinapenya kwenda kifuani. Linalegea kwa umri, kwa mimba, kwa uzito, kwa kikohozi cha muda mrefu, kwa kukamua chooni kila siku na kunyanyua masufuria na ndoo. Wanawake wanapata sana tu. Na ngiri za hivi, takriban 95 kwa kila 100, ni zile za kuteleza, zinapanda na kushuka, na watu wengi wanazo na hawajui kabisa kwa sababu haziwasumbui.

Sasa kwa nini wewe inakusumbua. Mlango wa tumbo unafungwa na misuli miwili, mmoja wa umio wenyewe na mwingine ni hicho kiwambo kinachoubana kwa nje, ni sawa na kiroba kilichofungwa kwa kamba mbili mahali pamoja. Ngiri ikitokea kamba zinaachana, moja inabaki chini nyingine inapanda juu, kila moja inafunga peke yake, ukiinama au ukijaza tumbo asidi inapita. Basi hiyo ndo hesabu nzima, na ndo maana narudia kwa kila anayeniuliza: bila upasuaji ngiri haitarudi mahali pake, usimlipe mtu anayekuahidi hivo, ila kazi yetu ni kuzuia asidi isipande na michubuko ipone, na hilo linawezekana kwa watu wengi sana.

Hiyo LA gredi B usiogope. Ni kipimo cha michubuko ya umio kinachoanzia A mpaka D, A ndo nyepesi. B maana yake kuna mchubuko unaozidi milimita 5 lakini michubuko bado haijaungana. Inapona kwa dawa.

Dawa yenyewe bila shaka wamekupa omeprazoli, esomeprazoli au pantoprazoli, kawaida ni wiki 8. Na hapa ndo ninapogombana na wateja kila siku, maana mtu anameza akiwa ameshashiba, au anameza wakati wa kulala, afu anasema dawa haifanyi kazi. Hizi dawa zinazima pampu za asidi zilizoko kwenye ukuta wa tumbo, na pampu zinawaka chakula kikiingia, kwa hiyo dawa inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu kabla hujala. Dakika 30 mpaka 60 kabla ya mlo, na kapsuli usiitafune. Wewe unaamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko na najua mama ntilie wengi hawali chochote mpaka saa nne, sasa usimeze alfajiri ukaendelea na kazi, meza saa tatu na nusu, saa nne kula chakula cha maana.

Halafu sasa usiku, na naomba hapa unisikilize kuliko pale kwenye dawa. Watu wakipata kiungulia cha kwanza wanauliza "niache kula nini", wakati swali lenye faida zaidi ni "nakula saa ngapi na nalalaje". Ukilala chali asidi haina mlima wa kupanda, mate unayomeza yanapungua, asidi inakaa kwenye umio masaa. Kuamka umepaliwa ni kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mlo wa mwisho uwe masaa 3 kabla ya kulala. Najua unafunga saa tatu usiku ukiwa na njaa afu unakula ule ugali uliobaki unalala, geuza, kula sana saa tisa au kumi jioni wateja wakipungua, usiku ukifika nyumbani iwe kitu kidogo, ndizi mbivu, uji usio mchachu, viazi vitamu viwili.

Kitanda kinyanyue upande wa kichwani sentimita 15 mpaka 20, weka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda, viwe imara kisije kuanguka. Mito mingi haisaidii, inakunja shingo na tumbo linabanwa, unaongeza tatizo. Kama unalalia godoro chini, ingiza mbao au blanketi zilizokunjwa chini ya godoro kuanzia kiunoni ili mgongo wote upande taratibu. Na lalia ubavu wa kushoto, umbo la tumbo letu liko hivo kwamba ukilalia kushoto asidi inabaki chini ya mlango, ukilalia kulia mlango unazama kwenye asidi.

Mchana, nyanyua jiko liwe juu ya meza au benchi la matofali, usiwe unainama kuchochea, ukiokota kitu chuchumaa kwa magoti. Kibwebwe legeza. Najua kinakupa nguvu ya kazi lakini kinakamua tumbo kama mkanda mkali, na ndoo ya lita 20 waachie vijana. Uzito kama umezidi, hata kilo chache zikipungua watu wengi wanaona tofauti kubwa, mafuta ya tumboni ndo yanayosukuma huo mfuko juu.

Chakula sikupi orodha ndefu ya haramu. Vinavyoleta shida kwa wengi ni vya kukaanga kwa mafuta mengi, pilipili, nyanya nyingi, ndimu na machungwa, kahawa, chokoleti, soda, pombe. Ila utakuta mtu pilipili haimfanyi kitu na chapati moja inamuua. Andika wiki mbili ulichokula na kilichotokea, ukiona kitu kinakuchoma kila ukila kiache, kisichokuchoma endelea nacho. Nimeona watu wamejinyima mpaka wamekonda kwa kuogopa vyakula vilivyokuwa havina kosa.

Upasuaji upo na una watu wake. Mbinu inayotumika mpaka leo inatokana na daktari Rudolf Nissen aliyeitangaza mwaka 1956, wanakunja sehemu ya juu ya tumbo inazunguka umio kutengeneza mlango mpya, na siku hizi inafanywa kwa vitundu vidogo. Inafaa kwa mwenye ngiri kubwa iliyopanda pembeni ya umio, hiyo inaweza kujinyonga na ni hatari, au ngiri inayovujisha damu mpaka mtu anaishiwa damu, au mtu ambaye dozi kamili imeshindwa na vipimo vimeonesha kweli asidi inapanda. Lakini nayo ina gharama zake, wapo wanaoshindwa kubeua, wanaojaa gesi, wanaopata shida kumeza, na wengine baada ya miaka wanarudi kwenye vidonge. Kwa sentimita 3 na gredi B, maliza kwanza wiki 8 ukiwa umepanga usiku wako vizuri.

Sister, mi ni bodaboda Mwanza miaka 29. Omeprazoli nanunua mwenyewe duka la dawa huu mwaka wa pili. Nikiacha siku mbili tatu moto unarudi mara mbili ya mwanzo. Nimeshakuwa teja?

Hujawa teja mdogo wangu. Ukizima pampu muda mrefu mwili unajibu kwa kuongeza homoni ya kuamsha asidi, siku unayoacha ghafla asidi inafurika kwa muda, wiki kadhaa, afu inatulia. Watu wengi hapo ndo wanapokata tamaa wanarudi dukani. Usiache ghafla. Punguza dozi iwe nusu kwa wiki mbili hivi, kisha siku moja unameza siku moja unaacha, na siku ya moto tumia famotidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, au dawa ya maji ya alginati, ile inayotengeneza utando juu ya chakula, unakunywa baada ya kula na kabla ya kulala. Vidonge vya kutafuna vya magnesiamu vinasaidia vya haraka haraka ila havitibu mchubuko. Zile poda za kuchemka kwenye maji zina sodiamu nyingi, mwenye presha au figo asizizoee.

Ila kabla hujaanza kupunguza, nenda upimwe japo mara moja. Miaka miwili bila daktari kukuangalia si sawa, maana kama umio una michubuko ya gredi C au D, au ngozi yake imeshabadilika, ile wanaita Barrett, hutakiwi kuacha dawa kabisa na hapo faida ni kubwa kuliko madhara. Madhara ya kutumia miaka mingi yapo, magnesiamu na vitamini B12 kushuka, maambukizi ya utumbo, mifupa kuvunjika kwa wazee, mengi ni madogo na mengine bado yanabishaniwa, lakini sababu ya kuyabeba lazima iwepo.

Na nikuulize, mgongo ukikuuma unameza nini? Bodaboda wengi wanaokuja kwangu wanameza diklofenaki kila jioni, asubuhi omeprazoli, yaani mkono mmoja unachoma mwingine unazima. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinachubua tumbo na umio. Parasetamoli ni nafuu kwa tumbo. Energy drinki, sigara na chipsi mayai ya saa sita usiku ndo unaingia kulala, hayo nadhani unayajua mwenyewe. Pia ukiandikiwa doksi, ile antibayotiki ya doksisaiklini, usimeze kwa mate huku umelala, kidonge kikinasa kwenye umio kinachoma kidonda, meza kwa glasi nzima ya maji na ukae wima nusu saa.

Ranitidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, kama bado unayo kabatini itupe. Mwaka 2020 iliondolewa sokoni Marekani na nchi nyingine nyingi baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kuleta kansa.

Habari, niko Nakuru. Nimepatikana na H. pylori nikapewa dawa, nikapimwa tena bado positivu, nikapewa tena, sasa ni mara ya tatu na heartburn iko palepale. Hii pylori haifi?

Pole. Kuna mambo mawili yamechanganywa hapa. Pylori ni bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, na madaktari Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobeli 2005 kwa kulionesha hilo, kwa hiyo ukiwa naye ni sawa kumuua kwa sababu ya vidonda na kansa ya tumbo. Lakini asidi kupanda kwenye umio ni shida ya mlango, pylori hahusiki, unaweza kumuua vizuri na moto ukabaki vilevile.

La pili ni kipimo. Kile cha damu kinatafuta kinga ya mwili, na kinga inabaki miezi mpaka miaka baada ya bakteria kufa, kwa hiyo utaonekana positivu hata kama umepona na utamezeshwa antibayotiki bure. Cha kuthibitisha umepona ni kipimo cha choo cha antijeni au cha kupuliza pumzi, kifanywe angalau wiki 4 baada ya kumaliza dozi, na omeprazoli uwe umeiacha wiki 2 kabla, la sivyo kinaweza kudanganya kwamba huna. Kabla ya dozi ya nne uliza umepimwa kwa kipimo gani.

Dada naomba ukweli, kuna video inasema mwenye ngiri ya kifuani anywe maji ya uvuguvugu asubuhi afu ajinyanyue kwa vidole na kudondoka kwa visigino mara kumi, tumbo linashuka lenyewe. Na siki ya tufaha vipi?

Maji ya uvuguvugu kunywa. Kudondoka kwa visigino sijaona ushahidi wa maana, hata ikishuka ni ile ya kuteleza, itapanda tena ukiinama kufunga kamba za kiatu, na mwenye ngiri kubwa au mifupa dhaifu asijaribu. Siki ni asidi, kwenye umio uliochubuka unaongeza asidi juu ya asidi, mimi siishauri. Magadi yanapoza dakika chache na kukuachia gesi na chumvi. Maziwa yanatuliza kwanza, kisha tumbo linatoa asidi zaidi.

Kama unataka zoezi, lipo lenye maana na halina mbwembwe ndo maana halina video nyingi. Kwa kuwa kiwambo ni moja ya vifungo vya mlango, ukikifundisha kwa pumzi kinabana vizuri zaidi. Utafiti mdogo wa Austria uliochapishwa 2012 ulionesha waliofundishwa kuvuta pumzi kwa tumbo asidi yao ilipungua, na walioendelea na zoezi baada ya miezi 9 walikuwa wanatumia dawa kidogo kuliko walioacha. Kaa au lala chali tumbo likiwa halina chakula, mkono mmoja kifuani mmoja tumboni, vuta pumzi taratibu puani mkono wa tumboni unyanyuke wa kifuani usitingishike, toa polepole mdomoni. Dakika tano mpaka kumi, kila siku, na fanya pia baada ya kula ukiwa umekaa. Halafu tafuna bigijii isiyo na sukari nusu saa baada ya mlo, isiwe ya minti kama minti inakuchoma, mate yanaongezeka na yanasuuza asidi irudi chini.

Assalam aleikum, mimi ni wa Mombasa. Mwaka wote nakaa vizuri, ikifika Ramadhani naungua kuanzia futari mpaka daku. Nifunge au nisifunge, na dawa nameza saa ngapi?

Waaleikum salaam. Kinachokuchoma mara nyingi kinatoka kwenye meza ya futari, viazi karai, bajia, sambusa, achari ya ndimu, vyote ndani ya robo saa kwenye tumbo lililokaa tupu mchana kutwa, na baadae daku ya wali unalalia palepale.

Fungua kwa tende na maji, na kidonge umeze hapo hapo, ukaswali magharibi, ukirudi dakika thelathini hivi zimeshapita ndo ule chakula, kidogo, vya kukaanga iwe kionjo. Mlo mkubwa ugawe mara mbili, kabla na baada ya tarawehe. Daku isiwe ya mwisho kabisa ya adhana na usilale baada yake, kaa mpaka alfajiri ipite na zaidi ukiweza, ukishindwa kabisa jilaze kwa kuegemea. Mwenye ngiri na kiungulia cha kawaida wengi wanafunga bila tatizo. Lakini aliyetapika damu karibuni, mwenye kidonda kibichi au anayetapika kila akila, huyo amuone daktari kabla, na ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye dini asiione aibu.

Shikamoo dada. Baba yetu yuko kijijini Rombo ana miaka 61, kiungulia anacho tangu zamani. Sasa miezi miwili ugali unamkwama kifuani anausukuma kwa maji, wiki hizi anakunywa uji tu na amekonda. Duka la dawa wamempa omeprazoli. Tumwongezee dozi?

Marahaba mdogo wangu. Msiongeze dozi, msisubiri wiki 8 ziishe, na yote niliyoandika huko juu kuhusu matofali na bigijii hayamhusu baba kwa sasa. Chakula kigumu kukwama kwanza kisha mtu anahamia uji, pamoja na kukonda, ni dalili ambayo lazima ionwe kwa kamera wiki hii, na kama kuna uvimbe wachukue kinyama kidogo cha kupima. Inaweza kuwa umio umesinyaa kwa makovu ya asidi miaka yote hiyo, na hilo linapanuliwa kwa kamera bila kumpasua. Inaweza pia kuwa kansa ya umio, ambayo ukanda wetu huu, kuanzia bonde la ufa la Kenya kupitia Tanzania mpaka Malawi, una wagonjwa wengi kuliko sehemu nyingi duniani, na kuwahi na kuchelewa kuna tofauti kubwa sana.

Muulize pia kuhusu choo cheusi kama lami, kutapika damu, sauti kukauka. Na chai yake anainywaje? Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuleta kansa, hiyo ni 2016, kwa hiyo wote hapo nyumbani acheni kikombe kipoe kwanza.

Mpelekeni hospitali ya rufaa, KCMC Moshi haiko mbali na nyie. Mkifika msiseme baba ana kiungulia, maana wenye kiungulia ni wengi na wanapangiwa tarehe za mbele, semeni ugali haupiti tangu miezi miwili na amepungua kilo, na kama mna kadi yake ya kliniki yenye uzito wa zamani bebeni.